Kifurushi Kinachokula Kifurushi

Kijana aliyekuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo alikuwa amekaa kibarazani, hapa Ngamiani barabara ya kumi, laptopu mapajani, simu pembeni ikimrushia intaneti. Kazi niliyompa ilikuwa ndogo. Mfumo wa shule moja ulihitaji kitufe cha kupakua orodha ya wanafunzi na namba za wazazi wao, mwalimu mkuu aifungue kwenye Excel. Akaandika `composer require` na jina la kifurushi alichokuwa amekisoma mahali, akabonyeza, akaagiza chai. Chai haijapoa, simu ikalia. Ujumbe wa mtandao: umemaliza kifurushi chako.

"Kaka," akaniita huku anacheka, "kifurushi kimekula kifurushi."

Kwa mtu wa mtaani kifurushi ni bando: dakika, meseji na MB za wiki. Kwetu tunaotengeneza mifumo ya wavuti kwa lugha ya PHP, kifurushi ni msimbo ulioandikwa na mtu usiyemjua, ukawekwa Packagist, ghala la mtandaoni, nawe unauvuta kwa chombo kiitwacho Composer na kuutumia kama wako. Neno moja limebeba vitu viwili, na vinafanana kuliko tunavyokiri. Vyote viwili unajiunga kwa sekunde, na masharti yake huyasomi mpaka vikukatikie njiani.

Wakongwe wenzangu wanayakumbuka maisha ya kabla. Ukitaka maktaba, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa, ya kutengeneza PDF, unapakua faili la zip, unalifungua, unalibandika kwenye folda ya mradi, unaandika `require_once` kumi na tano, na likitoka toleo jipya hujui ulilonalo ni lipi. Composer ya Nils Adermann na Jordi Boggiano ilipotoka mwaka 2012 ilimaliza adha hiyo. Laravel, kiunzi cha PHP cha kujengea mifumo, ambayo Taylor Otwell aliitoa mwaka 2011, ilijengwa upya juu ya Composer ilipofika toleo la 4 mwaka 2013, na tangu hapo kuandika Laravel kumekuwa nusu kuandika, nusu kukusanya. Mradi mpya kabisa, ambao haujafanya lolote zaidi ya kuonyesha ukurasa wa kukaribisha, huja na vifurushi zaidi ya mia kwenye folda ya `vendor`. Hapo hujaongeza hata kimoja cha kwako.

Kila mwaka zinatoka orodha za vifurushi ambavyo eti kila developa wa Laravel lazima awe navyo. Nazisoma, na nyingine zimenisaidia. Ila zina upofu mmoja: zinasema kifurushi kinafanya nini, hazisemi kinakula nini. Mwandishi wa orodha hizo ana seva yake peke yake, intaneti isiyohesabiwa MB, na mteja anayelipa kwa kadi ya benki. Wateja wangu ni duka la vifaa vya ujenzi Chumbageni, mnunuzi wa machungwa Muheza, shule ya Makorora. Mifumo yao inakaa kwenye seva ya kushirikiana inayolipiwa kwa mwaka, yenye cPanel, ukurasa wa kuisimamia, na kumbukumbu (RAM) ya kubana, na nikiondoka atakayeirithi ni kijana kama huyu wa kibarazani. Kwa hiyo swali langu la kwanza ni la ulaji: kitakula kumbukumbu kiasi gani, kitadai ruhusa gani sevani, na mwaka wa tatu nani atakilisha.

Debugbar cha Barry vd. Heuvel, kinachoonyesha ukurasa umefanya nini kwa siri, hupita mtihani huo bila jasho. Ukurasa wa wanafunzi wa ile shule ya Makorora ulikuwa unachukua sekunde tisa kufunguka. Mwalimu alidhani ni intaneti. Huku kwetu kila ubovu ni wa intaneti. Nikaweka Debugbar kwenye laptopu, nikafungua ukurasa uleule, na ule mkanda wa chini ukaniandikia: maulizo 641. Wanafunzi walikuwa 320. Mfumo uliuliza hifadhidata mara moja kupata orodha, halafu mara 320 kupata darasa la kila mtoto, halafu mara 320 nyingine kupata mzazi wake. Ni kama kumtuma mtoto dukani safari mia tatu na ishirini, kila safari arudi na njiti moja ya kiberiti. Nikaongeza `with(['darasa', 'mzazi'])` pale orodha inapovutwa. Maulizo yakabaki matatu, ukurasa ukafunguka kabla sijainua kidole. Debugbar yenyewe haikurekebisha kitu. Ilinionyesha tu kile ambacho nilikuwa nimekiandika kwa mikono yangu na sikukiona kwa miezi minane.

Lakini chombo cha namna hiyo makazi yake ni mashine ya kazi. Unakiweka kwa `--dev`, na sevani unaendesha `composer install --no-dev`, basi hakifiki huko. Hapa wengi tunateleza. Mwaka 2021 Ignition, ukurasa wa makosa uliokuwa ukija na Laravel, uligundulika una tundu lililopewa namba CVE-2021-3129: mfumo ulioachwa na `APP_DEBUG=true`, mtu wa nje angeweza kuendesha amri zake kwenye seva yako. PHPUnit, chombo cha majaribio ambacho sevani hakina kazi hata moja, kilikuwa na tundu lake la mwaka 2017 kwenye faili liitwalo `eval-stdin.php`. Yote mawili yalizibwa zamani. Sasa nikapokea mfumo wa mteja mmoja uliotengenezwa na mtu mwingine, nikakuta mradi mzima, `vendor` na faili la nywila, `.env`, juu yake, umemwagwa ndani ya `public_html`, folda iliyo wazi kwa dunia. Nikafungua daftari la seva la waliobisha hodi. Kila usiku anwani za nchi za mbali zilikuwa zinagonga mlango uleule: `/vendor/phpunit/phpunit/src/Util/PHP/eval-stdin.php`. Januari 2024 FBI na CISA, wakala wa usalama wa mtandao, za Marekani zilitoa tahadhari juu ya programu hasidi iitwayo Androxgh0st, inayozunguka mtandaoni kutafuta tundu hilo pamoja na mafaili ya `.env`. Nayo haiulizi kama wewe ni benki ya New York au duka la saruji la Tanga. Composer 2.4 ya mwaka 2022 ilileta amri ya `composer audit`, inayokagua vifurushi vyako dhidi ya orodha ya matundu yanayojulikana. Inamaliza upesi, na bando halishtuki.

Kingine kinachostahili sahani yake kila siku ni cha namba za simu: laravel-phone cha Propaganistas, kilichosimama juu ya libphonenumber, maktaba iliyoanzia Google. Nilifika kwake kwa aibu. Duka la Chumbageni lilikuwa na mfumo niliouandika mwenyewe kwa kujiamini, na siku moja mwenye duka, mama mtu wa Pangani, akanipigia. "Mwanangu, huyu fundi ana deni au hana?" Nikaingia. Fundi yule yumo mara nne. Mmoja namba yake inaanza na 07, wa pili 2557, wa tatu ana alama ya kujumlisha na nafasi katikati, wa nne ameanza na 7 moja kwa moja. Deni liko kwa wa pili, malipo yako kwa wa nne. Hesabu zangu zilikuwa sahihi kabisa kwa kila mmoja wao.

Sasa kila namba inayoingia hupita kwenye kifurushi hicho na kuhifadhiwa kwa umbo moja la kimataifa, alama ya kujumlisha, 255, kisha tarakimu tisa. Ningeweza kuendelea kuandika mwenyewe, na nilijaribu. Nilikuwa na kipande cha msimbo kinachokisia mtandao wa mteja kwa tarakimu za mwanzo, kisha kinatuma ombi la malipo huko. Kilifanya kazi vizuri tu, isipokuwa kwa wale waliohama. Tangu Machi 2017 mtu hapa nchini anaweza kuhamia mtandao mwingine na namba yake ileile, na ombi langu likawa linakwenda kubisha nyumba ambayo mwenyewe alishahama. Sheria za namba hubadilika, na kuna watu kazi yao ni kuzifuatilia. Waache waifanye.

Ruhusa za watumiaji, nani aone nini kwenye mfumo, nazo nimewaachia wenye kazi yao. Spatie, kampuni ya Antwerp kule Ubelgiji, ndio wenye laravel-permission, na vifurushi vyao havina bei: wanachoomba ni kwamba ukikitumia kwenye kazi halisi uwatumie kadi ya posta kutoka mji wenu. Nilizunguka mjini asubuhi nzima kutafuta kadi yenye picha ya Tanga. Mkonge, mapango ya Amboni, bandari, mnara wa saa, hakuna. Zipo za twiga na za Mlima Kilimanjaro. Nikatuma twiga, nikaandika nyuma kwamba huyu haishi huku. Kuhusu kifurushi chenyewe nina neno moja tu la tahadhari: hutunza ruhusa kwenye kashe, nakala ya muda, kwa saa 24, na ukibadili kwa njia zake hujisafisha, lakini ukiingia hifadhidata kwa mlango wa nyuma kumpandisha mtu cheo, utashangaa kwa nini mwalimu mkuu bado ni mhasibu.

Sasa ulaji wa kumbukumbu, maana ndipo kifurushi cha yule kijana kilipo. Alichokuwa anavuta ni Laravel Excel cha Maatwebsite, ambacho ndani yake kuna PhpSpreadsheet. Ni kazi safi, sina ugomvi nayo. Ila maelezo ya PhpSpreadsheet yenyewe yanakwambia wazi kwamba kila seli hula wastani wa kilobaiti 1.6 za kumbukumbu kwenye PHP ya biti 64. Chukua peni. Mnunuzi wa machungwa wa Muheza alitaka mauzo ya msimu: mistari 18,000, safu 12. Hizo ni seli 216,000. Zidisha kwa 1.6, unapata karibu MB 345, na seva yake imewekewa kikomo cha 128. Kitufe kilikuwa kinazunguka, kinazunguka, kisha ukurasa mweupe. Mwenye machungwa aliniambia mfumo umepofuka.

Dawa ilikuwa `fputcsv`, ambayo imo ndani ya PHP yenyewe, haivutwi popote. Unasoma mstari mmoja kutoka hifadhidata, unauandika, unausahau, unasoma mwingine. Mistari 18,000 au 180,000, kumbukumbu inayoliwa ni ileile. Unapoteza rangi, unapoteza fomula, vichwa vya safu havikolezwi. Mwenye machungwa hakuuliza rangi. Kwa shule yenye watoto 320 na safu sita kifurushi kile kisingeanguka, seli elfu mbili si kitu, lakini kumlisha mgeni mkubwa kiasi hicho kwa kazi ya mistari ishirini ni israfu. Nikamwambia kijana afute, aandike mwenyewe.

Vile vya sevani nitavipitia haraka, kwa sababu kisa chake ni kimoja kinachojirudia. laravel-backup, cha Spatie haohao, hutoa nakala ya hifadhidata kwa kuiita programu ya `mysqldump`, na ili kuiita kinahitaji `proc_open`, njia ya PHP ya kuita programu nyingine, ambayo kwenye seva nyingi za kushirikiana imezimwa kwa usalama. Horizon, kinachosimamia foleni za kazi, kinadai Redis, hifadhidata ya kasi, na kiendelezi cha `pcntl`. Kwa cPanel ya bei ya chini hiyo ni ndoto. Weka foleni kwenye hifadhidata, weka kroni, ratiba ya seva, ya kila dakika iendeshe `queue:work --stop-when-empty`, na risiti za duka zitatoka bila Horizon wala Redis. Telescope nakipenda na kiliniumbua: kinaandika kila ombi, kila ulizo, kila kosa, na nilikisahau kimewashwa kwa mteja bila kuweka `telescope:prune` ya kufagia. Jedwali likavimba hadi likajaza nafasi yote aliyolipia. Jumamosi asubuhi, siku ya soko, mfumo ukakataa kuandika hata mauzo ya misumari. Kosa langu, na nililipa kwa kushinda dukani naandika risiti kwa mkono. Filament, kwa kurasa za usimamizi, hukupa kwa siku mbili kitu ambacho ungekiandika wiki tatu. Nakitumia pale mteja anapokubali kwamba mfumo wake utafanana na wa jirani.

Hayo yote ni matatizo ya dunia nzima, na dunia imeyashughulikia, vizuri au vibaya. Yapo ambayo ni yetu.

Wafanyabiashara wa dagaa pale soko la Deep Sea waliniomba mfumo wa kuandika mizigo inayoshuka. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Vyombo vingine hurudi usiku huohuo, vingine alfajiri. Wiki ya kwanza ripoti zikagoma kulingana na daftari la karani. Mzigo ulioshuka Ijumaa saa nane kasoro dakika ishirini usiku, yaani 01:40 kwa saa ya kompyuta, ulisomeka wa Alhamisi. Hilo nililikamata upesi. Laravel ukiiacha ilivyokuja hutunza muda kwa UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo 01:40 ya hapa ni 22:40 ya siku iliyopita kule. Nikabadili ripoti ifuate `Africa/Dar_es_Salaam`, nikarudi sokoni kifua mbele.

Karani akafunua daftari, akaweka kidole. "Na huu wa saa nne usiku?" Ulikuwa umeingizwa 22:00 ya Alhamisi, na mfumo umeuweka Alhamisi, kama nilivyokusudia. "Huu ni wa Ijumaa," akasema. "Usiku wa Ijumaa." Nikamwambia saa nne ya usiku bado ni Alhamisi. Akaniangalia kama mtu aliyelelewa bara. "Mgosi, jua likishazama, siku si imeisha?"

Alikuwa na haki, na mimi ndiye niliyejisahau. Bibi yangu alihesabu hivyohivyo: siku huanza magharibi, usiku hutangulia mchana wake, na ukialikwa maulidi usiku wa Jumatatu ukafika Jumatatu baada ya isha, utakuta wenzako walikula pilau jana. Watoto wa siku hizi husema usiku wa kuamkia ili wasigombane na kalenda. Karani wa dagaa hana haja hiyo. Mzigo wa saa nne usiku na wa alfajiri inayofuata ni wa bahari moja, unauzwa asubuhi moja, unalipwa kwa hesabu moja.

Carbon, kifurushi cha tarehe ambacho Laravel nzima imekiegemea, kinakijua Kiswahili. Ukikipa lugha ya `sw` kitakuandikia Jumatano na Oktoba bila kusita. Ila kujua majina ya siku si kujua siku inaanza lini. Hakitakwambia kwamba 08:00 ni saa mbili asubuhi, wala kwamba 22:00 ya Alhamisi ni ya Ijumaa, na sikilaumu. Nani angekwenda kukieleza? Nilikaa siku mbili nachora saa kwenye karatasi, nikidhani nina matatizo mawili, la saa na la siku, mpaka nikaona ni moja. Ongeza saa sita. 22:00 ya Alhamisi inakuwa 04:00 ya Ijumaa: ni Ijumaa, na ni saa nne. 01:40 ya Ijumaa inakuwa 07:40 ya Ijumaa: ni Ijumaa, na ni saa saba na dakika arobaini. 08:00 inakuwa 14:00, toa kumi na mbili, saa mbili. `addHours(6)`, basi, siku na saa vinakaa mahali pake kwa pamoja, kwa sababu saa yetu na siku yetu vyote huanzia pale jua linapozama. Nimeandika programu miaka kumi na mbili na nimesema Kiswahili tangu nizaliwe, na sikuwahi kuliona hilo mpaka karani wa dagaa aliponinyima saini.

Kijana wangu alitaka kipande hicho tukiweke Packagist siku hiyohiyo, na jina alishakipa. Kazi nzima, pamoja na maneno ya alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, ni mistari kumi na miwili. Nikamkumbusha kisa cha left-pad cha Machi 2016, upande wa JavaScript: mistari 11 ya kujaza nafasi kushoto mwa neno, mwenyewe akaiondoa kwa ugomvi, na miradi duniani kote ikashindwa kujengwa. Kipande kidogo kiasi hicho ukinakili kwenye mradi wako na kukielewa, umemaliza. Ukikifanya kifurushi umejitwika wajibu kwa watu usiowajua, na kesho mtu wa Mombasa atakuandikia kwamba alfajiri yake inaanza mapema kuliko yako.

Penye upungufu wa kweli ni kwenye malipo. Laravel ina Cashier, na ni kizuri, lakini kimetengenezwa kwa Stripe na Paddle, kampuni za malipo ya kadi, na yule fundi wa Chumbageni hana kadi, ana simu. Vifurushi vya kupokea pesa za simu vya ukanda wetu vipo Packagist. Nilivyowahi kuvijaribu vilikuwa na historia moja: mtu alikuwa na mradi mmoja, akatoa kipande cha mradi huo, akakipa jina zuri, akapata kazi mahali. Kimoja nilikitumia hivyohivyo. Majibu ya malipo yalikuja mara mbili kwa muamala mmoja, kama ambavyo hutokea mtandao unapokatika katikati, na kifurushi kikamwandikia mteja kwamba amelipa mara mbili. Mteja hakulalamika. Mwenye duka alilalamika. Tangu hapo namba ya muamala naifunga kwenye hifadhidata isijirudie, na msimbo wa malipo nauandika mwenyewe, mstari kwa mstari. Hata vya sarafu nimekuwa na hadhari navyo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4217 kinaipa shilingi yetu tarakimu mbili za senti, ambazo dukani hakuna aliyezigusa miaka na miaka, na maktaba kama moneyphp huhesabu kwa senti hizo. Shilingi 10,000 huandikwa 1000000. Nilisahau kugawa, na mama mmoja akapokea kwenye simu ombi la kulipia mabati kwa milioni moja badala ya elfu kumi. Alinipigia mwenyewe, na hakuanza na salamu.

Kifurushi cha malipo ya simu kikipata watu watatu au wanne wa kukilea, wa Tanga, Dar, Arusha, kitafaa kuliko orodha zozote za vifurushi kumi. Watatu au wanne, kwa sababu mmoja huchoka. SwiftMailer, ambayo kwa miaka ndiyo ilibeba barua pepe za nusu ya PHP, ilifungwa Novemba 2021, na Laravel ikahamia Symfony Mailer kwenye toleo la 9 mwaka uliofuata. Faker, cha kutengeneza majina ya majaribio, mwenyewe François Zaninotto alikiaga mwaka 2020, na wengine wakakiendeleza kwa jina la FakerPHP. Hivyo ni vikubwa, vilipata warithi. laravelcollective/html, kilichokuwa kikiandika fomu, kilitelekezwa, na nina mfumo mmoja wa shule ambao kila ukurasa wake unaanza na `Form::open`. Fomu mia na kumi na nne. Kila ninapopandisha toleo, Composer inanikumbusha kwamba kifurushi hicho hakina mwenyewe. Najua. Nabadili fomu tatu kila Jumapili.

Kijana alimaliza kitufe chake siku ya pili, mistari kumi na tisa ya `fputcsv`, bila kuvuta kitu. Niliisoma, safi, nikaipandisha sevani kwa bando lililobaki. Saa tano mwalimu mkuu akapiga simu, ameshafungua faili kwenye Excel yake.

"Fundi," akasema, "hizi namba za wazazi mbona zote zimeandikwa 2.55713E+11?"